Mjomba Scrooge Afikapo Kikuubo: Carl Barks na Historia ya Pesa

Kati ya mwaka 1942 na 1966, mtu mmoja aliyeishi mashambani kusini mwa California alichora hadithi za mabata zilizosomwa na mamilioni ya watoto, na karibu hakuna hata mmoja wao aliyelijua jina lake. Kwenye jalada liliandikwa jina moja tu, la Walt Disney. Mtu huyo ni Carl Barks. Ndiye aliyembuni Scrooge McDuck, bata tajiri anayeogelea katika pesa zake, na ndiye aliyempa Donald Duck mji wa kuishi, majirani, madeni na ajira zisizodumu.

Insha hii inamtazama Barks kama mwanafunzi wa historia anavyotazama chanzo chochote: alikuwa nani, alifanya kazi katika mazingira gani, alisema nini, na aliyoyasema yana ukweli kiasi gani. Dai langu ni kwamba Barks aliielewa pesa kuliko waandishi wengi wa vitabu vya uchumi tulivyosomeshwa, lakini hakuwaelewa watu ambao pesa hiyo ilitoka kwao. Nayaona yote mawili kwa urahisi kwa sababu nimelelewa Kikuubo.

Kwa msomaji asiyeijua Kampala, neno kikuubo kwa Kiganda ni njia nyembamba, kichochoro. Kichochoro chetu kiko katikati ya mji, hatua chache kutoka kituo cha zamani cha teksi na soko la Owino, na kimejaa maduka ya jumla pande zote mbili. Hapo hupita sukari, sabuni, chumvi, biskuti, mafuta ya kupikia na maji ya chupa, mengi yakiwa juu ya vichwa na mabega ya wachukuzi wanaopiga kelele wapishwe. Wateja hutoka kila wilaya ya Uganda, na wengine hutoka Juba, Bunia na Beni. Mama yangu ana duka humo. Kiswahili changu cha kwanza sikukipata darasani. Nilikipata kwa wanunuzi wa Kikongo waliokuja kuhesabu katoni za sabuni. Na Barks nilimpata Owino, katika fungu la vitabu vya mtumba lililofungwa kwa kamba, nikiwa darasa la sita. Nilisoma mabata kwanza, Kiingereza kikafuata nyuma.

Mchoraji asiye na jina

Barks alizaliwa tarehe 27 Machi 1901 katika shamba karibu na Merrill, jimbo la Oregon, Marekani. Shule aliiacha baada ya darasa la nane, na surua aliyougua utotoni ilimharibia masikio, hata akaishi maisha yake yote akisikia kwa shida. Kabla ya kuchora kwa mshahara alilima, alichunga ng'ombe, alikata miti, aliendesha nyumbu na kufanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1931 aliajiriwa na gazeti la vichekesho la Calgary Eye-Opener mjini Minneapolis, na mwaka 1935 akaingia katika kampuni ya Disney. Alianza kwa kuchora picha za kati, zile zinazounganisha tendo moja na jingine katika filamu, kisha akahamishiwa idara ya hadithi, akawa anatunga visa vya filamu fupi za Donald Duck.

Aliondoka Disney mwishoni mwa 1942 akiwa na mpango wa kufuga kuku. Lakini kampuni ya Western Publishing, iliyokuwa na leseni ya kutengeneza vitabu vya picha vya Disney, ilikuwa ikitafuta mtu wa kuchora mabata. Kuanzia Aprili 1943 hadithi za Barks za kurasa kumi kumi zilianza kutoka katika jarida la Walt Disney's Comics and Stories, na hazikukoma kwa zaidi ya miaka 20. Scrooge McDuck aliingia Desemba 1947, katika hadithi moja ya Krismasi, akiwa mzee mwenye roho nzito aliyeazimwa jina kutoka kwa bahili wa Charles Dickens. Wasomaji walimpenda mno, na mwaka 1952 akapata jarida lake mwenyewe. Barks alipostaafu mwaka 1966 alikuwa amejaza zaidi ya kurasa 6,000.

Alilipwa kwa ukurasa. Akimaliza ukurasa amelipwa, na yanayofuata hayakumhusu: hadithi ikirudiwa kuchapwa mara kumi, katika lugha kumi, hapati hata senti. Hata hivyo wasomaji hawakudanganyika. Watoto walioyasoma majarida kila mwezi waliona kwamba kuna mkono mmoja unaochora vizuri kuliko mingine, nao kwa kukosa jina wakamwita yule mchoraji mzuri wa mabata. Ilikuwa mwaka 1960 ndipo wasomaji wachache walipofaulu kumfikia kwa barua. Na nyuma ya asiye na jina alikuwepo mwingine asiye na jina: mke wake Garé, mchoraji wa mandhari, aliyemsaidia kuandika maneno katika viputo na kujaza wino tangu miaka ya 1950.

Tukitaka kuipima hali hii kwa mizani ya kwetu, tumtazame Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1972. Yeye pia alichora wanyama wanaochekesha, kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya mbao. Baada ya kifo chake jina lake likawa jina la mtindo mzima, na leo mamia ya wachoraji huuza picha zao kama Tingatinga. Huko Dar es Salaam jina la fundi mmoja liliwafunika wenzake. California jina la mwenye kampuni lilimfunika fundi. Katika hali zote mbili mnunuzi anaondoka na picha bila kujua ni nani hasa aliyeishika brashi. Mwanahistoria hana budi kuuliza swali hilo kwanza.

Kwa nini mabata

Mwenzangu mmoja darasani aliniuliza kama si aibu mtu mzima kuandika insha ya historia juu ya bata aliyevaa kanzu asiyevaa suruali. Jibu langu ni kwamba sisi ndio wa mwisho wa kushangaa. Tumelelewa na Sungura anayemkopa Fisi na kumdhulumu Tembo, na kila mtoto wa hapa anajua kwamba hadithi ya Sungura si hadithi ya sungura. Mnyama humpa msimulizi nafasi ya kusema juu ya jirani yake bila jirani kuleta ugomvi.

Barks aliitumia nafasi hiyo kwa namna yake. Mabata yake ni vichekesho, lakini dunia wanamoishi imechorwa kwa uangalifu. Ukurasa wake wa kawaida una visanduku vinane, viwili viwili kwa safu nne, na jicho halipotei. Hisia huzisoma kwenye mdomo, kwenye nyusi na kwenye namna shingo ilivyokaa. Ukifunika maneno yote kwa kidole bado utajua nani kakasirika na nani anaficha jambo. Milima, meli na magofu aliyachora kwa kutazama magazeti ya National Geographic, kwa kuwa mwenyewe hakuwa msafiri. Mara yake ya kwanza kutoka nje ya Amerika Kaskazini ilikuwa mwaka 1994, akiwa na miaka 93.

Kisha kuna udugu. Katika ukoo wa mabata hawa, Scrooge ni kaka wa mama yake Donald, yaani ni mjomba. Kwa Mswahili hapo ndipo kicheko kinapoanzia. Mjomba kwetu ni mtu wa kuombwa. Mpwa akiingia nyumbani kwa mjomba hufungua hata kabati. Mjomba Scrooge humlipa mpwa wake senti 30 kwa saa.

Tufani ya noti

Hadithi ya kwanza ninayotaka tuisome kama chanzo ilitoka Machi 1951 kwa jina A Financial Fable. Scrooge ana shamba, na pesa zake amezijaza ghalani. Donald anachoka kulima na anatamani utajiri uje bila jasho. Tufani inakuja, inang'oa paa la ghala, inazifyonza noti zote na kuzimwaga nchi nzima. Kila mtu anaamka milionea. Kila mtu anaacha kazi. Mwenye duka anafunga, mwenye kiwanda anafunga, wote wanaondoka kwenda kutembea. Scrooge hashtuki, anaendelea kupalilia. Baada ya muda mamilionea wanaona njaa, na chakula kiko mahali pamoja tu. Scrooge anawauzia yai moja kwa dola milioni moja, na pesa zote zinarudi ghalani.

Msomaji wa Marekani huenda akaona ni ngano. Msomaji wa Uganda anaona kumbukumbu. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wapewe siku 90 waondoke nchini. Alikiita kitendo hicho Vita vya Uchumi. Maduka, viwanda na nyumba zao viligawiwa kwa askari na kwa watu waliokuwa karibu na utawala. Wananchi wakawatungia jina la Kiswahili, mafuta mingi, nalo limebaki katika historia yetu. Wazee hadi leo husimulia, kwa kicheko chenye uchungu, juu ya wenye maduka wapya waliosoma namba ya shingo ya shati wakaidhani ndiyo bei. Hifadhi ilipoisha rafuni hakukuwa na mzigo mpya. Sukari, sabuni na chumvi vikawa bidhaa za magendo, na pesa za karatasi zikaongezeka huku vitu vya kununua vikipungua. Mwaka 1979 Amin aliondolewa, lakini ugonjwa wa pesa ulibaki. Mei 1987 noti zilibadilishwa: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na katika kubadilisha ikakatwa kodi ya asilimia 30.

Barks hakujua lolote juu ya hayo. Alichora miaka 21 kabla ya tangazo la Amin. Lakini utaratibu wenyewe aliuona sawasawa. Noti hazilishi. Zinadai tu sehemu ya kazi ambayo mtu fulani ameifanya, na kazi ikisimama dai halina wa kulilipa. Nyumbani kwetu somo hilo halikuhitaji kitabu. Mama alikuwa msichana mwaka 1987, na tangu hapo haamini pesa inayokaa. Ikiingia asubuhi, jioni imekuwa katoni. Husema pesa ikilala huamka imepungua.

Hata hivyo chanzo lazima kihojiwe, na hadithi hii ina mambo mawili inayoyapitia haraka. La kwanza ni upepo. Kwa Barks utajiri ulihamishwa na tufani, kitu kisicho na dhamira wala mwenye kulaumiwa. Kwetu ulihamishwa kwa amri, na waliotolewa majumbani mwao walikuwa maelfu ya familia, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa. La pili ni jembe. Hadithi inataka tuamini kwamba Scrooge alirudishiwa mali kwa sababu ya bidii. Lakini wajukuu wa ukoo, Huey, Dewey na Louie, walilima pamoja naye, na pesa zilimrudia yeye peke yake. Tofauti kati yao haikuwa bidii. Shamba lilikuwa lake.

Vizibo na simbi

Hadithi ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa Tralla La, nayo ilitoka mwaka 1954. Scrooge ameugua kwa kero za wanaomwomba pesa, na anatafuta nchi isiyo na pesa kabisa. Anaipata katika bonde lililofichika milimani Himalaya. Watu wa huko hugawana kila kitu na hawana neno la utajiri. Amechukua dawa yake ya kutuliza neva, iliyo katika chupa. Anafungua chupa, anatupa kizibo. Mwenyeji anakiokota na kukishangaa, kwa kuwa hakuna kingine kama hicho bondeni. Jirani anakitaka. Jirani mwingine anatoa zaidi. Muda si mrefu vizibo ni mali, watu wanaoneana wivu, na Scrooge mwenye vizibo vichache amekuwa tena tajiri anayesumbuliwa. Anaona dawa ni moja: vizibo viwe vingi mno hata visiwe na maana. Anaagiza ndege zimwage vizibo bilioni moja. Vinanyesha juu ya mashamba ya mpunga hadi mazao yanazama, na wenyeji wanamgeuka.

Tulipoisoma hadithi hii mimi na mama, yeye akiwa juu ya gunia la sukari na mimi nikimfasiria kwa Kiganda, alicheka, kisha akasema kosa la huyu bata ni kuleta mzigo wote siku moja. Nilimpa alama zote. Na hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba Barks hakubuni nchi ya ajabu. Amechora historia yetu bila kujua.

Neno la Kiganda la pesa ni ensimbi. Maana yake ya asili ni simbi, wale kauri wadogo weupe wa baharini, ambao Waswahili wa pwani huwaokota ufukweni. Ganda la konokono ambalo Pemba au Mafia halina bei, lilipopanda na misafara hadi Buganda, mbali na bahari, likawa pesa kwa sababu huku halikuweza kuokotwa. Ni kizibo cha chupa hasa. Simbi zilitungwa kwenye nyuzi, zikalipa kodi, zikanunua mbuzi. Biashara ya pwani ilipokua katika karne ya 19 na mizigo ya simbi kuongezeka, thamani yake ilishuka. Kisha ukoloni ulileta rupia ya India, ikafuata florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921, na simbi zikabaki katika lugha na katika vikapu vya waganga.

Hata zile ndege za Scrooge zina mfano wake, nao ulikuwa wa meli. Kuanzia miaka ya 1840, kampuni za Hamburg kama Hertz na O'Swald zilinunua simbi kwa bei rahisi katika mwambao wetu na Zanzibar, zikazipeleka kwa shehena hadi Afrika Magharibi, ambako simbi zilikuwa pesa kwa karne nyingi. Faida ilikuwa kubwa. Shehena zilifuatana, na kabla ya karne kwisha thamani ya simbi huko ilikuwa imeporomoka. Waliokuwa wameweka akiba ya maisha yao kwa simbi walibaki na magunia ya maganda. Kwa Barks wenyeji wa bonde waliweza kumkabili mleta vizibo na kumlazimisha azisimamishe ndege. Watu wa Afrika Magharibi hawakupata nafasi ya kuongea na mtu wa Hamburg.

Asichokiona

Sasa nije kwenye upande unaouma. Mwaka 1949 Barks alichora Voodoo Hoodoo. Msukule aitwaye Bombie anatokea mjini kwa mabata akimtafuta Scrooge, anamkuta Donald, anadhani ndiye, na kumfikishia laana. Donald anasafiri hadi Afrika kumtafuta mganga Foola Zoola aliyeituma. Sura za Waafrika katika hadithi hii zimechorwa kwa kejeli ile ya zamani ya Kimarekani, midomo na macho na mifupa puani. Matoleo ya baadaye yalilazimika kubadilisha baadhi ya michoro. Nilipoifikia mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilikuwa nimecheka na mchoraji huyu kwa miaka, na ghafla nikaona kwamba yeye, alipofikiria watu wa bara langu, hakuona mtu wa kucheka naye.

Lakini niliirudia, na kuna jambo ambalo wanaoitupa hadithi hii upesi hulikosa. Mwafrika ana sababu. Scrooge mwenyewe anakiri kwamba zamani alitaka ardhi ya watu wa Foola Zoola apande mpira, wenyewe wakakataa kuuza, naye akakodi majambazi wakawafukuza. Basi laana ni madai ya ardhi. Miaka mitatu baadaye, katika hadithi ya kwanza ya jarida lake, Scrooge huyohuyo anajisifu mbele ya wapwa kwamba kila senti aliipata kwa haki, kwa akili na jasho. Barks hakurudi kuzioanisha kauli hizo mbili. Sisi tunaweza. Tukiziweka pamoja tunapata picha kamili ya namna mali nyingi za dunia zilivyopatikana, na namna zinavyosimuliwa na wenye nazo.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1956, hadithi ya bata wa pili kwa utajiri, Flintheart Glomgold, anayeishi Afrika Kusini katika bonde la Limpopo. Scrooge anakwenda kushindana naye, na mwisho mabahili hao wawili wanafungua mabonge ya kamba walizoziokota maisha yao yote, wakizivingirisha nyikani kuona ya nani ni ndefu. Ni kichekesho kikubwa, na michoro yake ni ya fundi. Ila mwaka huo Afrika Kusini ilikuwa katikati ya ubaguzi wa rangi, na swali la nani alichimba mali ya Glomgold halimo katika kurasa hizo.

Mwaka 1971 huko Chile, Ariel Dorfman na Armand Mattelart walichapa kitabu kuhusu namna ya kumsoma Donald Duck, wakidai kwamba hadithi hizi huwafundisha watu wa nchi maskini kujiona watoto, na kuwaona matajiri wa kigeni kuwa wenye haki ya kuchukua hazina zao. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1973 kitabu hicho kilichomwa moto. Naona hoja yao ina nguvu, hasa tukikumbuka mara ngapi mabata hufika nchi ya mbali, hubeba kitu cha thamani na kurudi nyumbani. Lakini wao walimshambulia Disney kama vile kampuni ndiyo iliyoshika kalamu. Mtu aliyelipwa kwa ukurasa hawakumwona. Nami nadhani kumtambua Barks kunabadilisha hukumu, ingawa hakumwondolei lawama. Alikuwa mtoto wa shamba aliyefanya kazi nyingi na kutajirika kwa mojawapo hata moja hakutajirika. Alimchora tajiri kwa mshangao, kwa wivu kidogo na kwa mashaka mengi. Ndiyo maana Scrooge wake hafurahi kwa muda mrefu. Ndiyo maana pia wanaofanya kazi katika hadithi zake huchoka kweli.

Ghala na daftari

Kitu kimoja katika Duckburg hakuna mfanyabiashara wa Kikuubo atakayekikubali, nacho ni lile ghala. Scrooge amekusanya pesa taslimu, amezifungia, na huzipigia mbizi. Kikuubo hakiishi hivyo. Utajiri wa kichochoro chetu uko katika mali kauli: mteja wa Arua anabeba katoni 50 kwa neno la mdomo, anakwenda kuuza, anarudi kulipa. Mama anadaiwa na kiwanda, anawadai wateja, na wateja wanawadai wenye vibanda vijijini. Ukikata uzi mmoja, watu kumi wanaanguka. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mama, lenye jalada la plastiki na majina ya watu wa nchi tatu, lina thamani kuliko droo ya pesa. Nimemwona akimkopesha tena mwanamke wa Bunia ambaye mzigo wake ulipotelea njiani kwa sababu ya vita, kwa hesabu kwamba mwenye kuanguka akiinuliwa atalipa yote, na asipoinuliwa hatalipa chochote.

Barks hakuwahi kuchora uhusiano wa aina hiyo. Katika dunia yake anayekuja mlangoni ama ni mwizi ama ni mwombaji. Wezi wake, Beagle Boys, aliowabuni mwaka 1951, wanashirikiana vizuri kuliko wafanyabiashara wake. Huu ndio upungufu mkubwa ninaouona katika uchumi wake, na naona unatokana na ukweli uleule niliouanza nao: yeye mwenyewe alifanya kazi peke yake, mbali na mji, akisikia kwa shida, akituma kurasa kwa posta na kupokea hundi. Hakuwa na wa kumwandika kwenye daftari.

Hitimisho

Carl Barks alifariki tarehe 25 Agosti 2000, akiwa na miaka 99. Miaka yake ya mwisho jina lake lilijulikana, maonyesho yakafanywa, na michoro yake ya mabata kwa rangi za mafuta ikauzwa kwa bei ambayo Scrooge angeipigia kelele. Ninamheshimu kwa sababu alimchukulia mtoto kama mtu mwenye akili: alimweleza mfumuko wa bei kwa mayai na thamani ya pesa kwa vizibo, bila kumhutubia. Na ninamhoji kwa sababu kalamu iliyoweza kuonyesha uchovu wa bata haikuweza kuonyesha uso wa Mwafrika.

Kwetu wanaosoma Kiswahili, naona kuna kazi ya kufanya kutokana na habari hii. Lugha yetu ina wachoraji wake wa katuni. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika Taifa Leo; James Gayo alimpa Tanzania Kingo; Gado alimtia Abunuwasi katika kitabu cha picha mwaka 1996; na James Tumusiime wa Uganda alimchora Bogi Benda kabla ya kuwa mchapishaji. Hao angalau waliweka sahihi zao. Wapo wengine waliochora kwenye vitabu vya shule za msingi, kwenye majarida ya afya na kwenye kalenda, ambao majina yao hayakuchapwa, na baadhi yao bado wako hai mjini humu. Idara zetu zina rafu za riwaya na tamthilia. Napendekeza iwepo moja ya vibonzo, na kila kibonzo kiwekewe kadi yenye jina la aliyekichora, mwaka, na kiasi alicholipwa kwa ukurasa kama anakikumbuka. Mimi nimeanza na vitabu vinne, nilivyovinunua Owino kwa bei ya soda mbili.